Hannibal Sehested, Liwali wa Norwei: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hannibal Sehested alikuwa nani?

Alikuwa kabaila na mwanasiasa wa karne ya 17 aliyeitawala Norwei kwa niaba ya mfalme wa Denmark tangu 1642 hadi 1651. Alikabidhiwa nchi akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Akapigana na Uswidi, akaanzisha posta, akajenga hazina, akajilimbikizia mashamba na biashara, kisha akalazimika kuviachia vyote na kuondoka. Miaka tisa baadaye alirudi akapewa funguo za hazina ya falme zote mbili, Denmark na Norwei. Wakubwa wengi wa zama zake walioanguka namna ile hawakuinuka tena. Yeye aliinuka, na jibu la aliwezaje limetawanyika katika maswali yanayofuata.

Je, alikuwa Mnorwei?

Kwa kuzaliwa, hapana. Alizaliwa 1609 katika ngome ya Arensburg kwenye kisiwa cha Ösel, ambacho leo ni Saaremaa, sehemu ya Estonia. Ngome yenyewe siku hizi inaitwa Kuressaare. Wakati huo kisiwa kilikuwa cha mfalme wa Denmark, na baba yake, Claus Maltesen Sehested, ndiye aliyekisimamia. Mama yake aliitwa Anne Nielsdatter Lykke. Ukoo wote ulikuwa wa makabaila wa Denmark.

Anayetaka kabaila Mnorwei halisi wa wakati uleule amtazame Jens Bjelke wa Austrått, jumba lililopo Ørland, karibu na mlango wa Trondheimsfjord. Bjelke alizaliwa 1580, akawa Chansela wa Norwei, yaani mkuu wa mambo ya sheria, kuanzia 1614, na 1634 alichapisha kamusi ya maneno ya sheria za kale za Norwei, kwa kuwa lugha ya sheria hizo ilikuwa imekuwa ngumu hata kwa mahakimu wenyewe. Alikuwa tajiri, msomi na mwenyeji. Hata hivyo, cheo cha liwali hakikuwa chake. Makabaila wa asili wa Norwei walikuwa wamebaki wachache sana: tauni kubwa ya karne ya 14 ilifagia wengi, koo nyingine zikakosa warithi, na zilizobaki zikaoana na Wadenmark mpaka ikawa kazi kuwatofautisha. Kwa hiyo Hannibal si kioja. Watu waliotawala Norwei enzi hizo kwa kawaida walishuka kutoka Copenhagen.

Norwei ilikuwa koloni la Denmark?

Si koloni kwa maana tunayoijua huku kwetu, ila si nchi huru pia. Tangu 1536 na 1537 Norwei ilipoteza Baraza lake la Ufalme, na mambo makubwa yakawa yanaamuliwa Copenhagen. Lakini jina la ufalme lilibaki. Ilikuwa na sheria zake, zilizochapishwa upya na Mfalme Christian IV mwaka 1604, ilikuwa na chansela wake, na mfalme alipotawazwa alipaswa kupokea kiapo cha utii cha Wanorwei peke yao, katika ardhi yao.

Watu walikuwa wachache, laki nne na ushei tu katika nchi ndefu iliyojaa milima. Utajiri ulitoka msituni, baharini na chini ya ardhi. Mbao ziliuzwa Uholanzi na Uingereza, samaki wakavu walipitia Bergen, fedha iligunduliwa Kongsberg mwaka 1623, na shaba ya Røros ikaanza kuchimbwa miaka ya 1640, Hannibal akiwa tayari liwali. Jambo moja lililowashangaza wageni ni kwamba mkulima wa Norwei hakuwa mtwana. Katika visiwa vya mashariki vya Denmark mkulima alifungwa kwenye shamba la bwana wake, asihame bila ruhusa. Mnorwei alilipa kodi, alinung'unika, alipeleka malalamiko kwa mfalme, na wengine walikuwa na ardhi yao wenyewe.

Liwali alikuwa na kazi gani?

Alikaa katika ngome ya Akershus, mjini Christiania, mji ambao Christian IV aliujenga upya baada ya Oslo kuungua 1624. Leo mji huo umerudishiwa jina lake la zamani, Oslo. Alimwakilisha mfalme, aliamuru jeshi, alisikiliza malalamiko, na pia alikuwa mtawala wa moja kwa moja wa jimbo la Akershus, lililokuwa nono kuliko mengine.

Karatasini cheo kilikuwa kikubwa. Kwa vitendo, maliwali waliotangulia walikuwa na nguvu ndogo, maana kila kabaila aliyepewa jimbo alipeleka hesabu zake Copenhagen bila kupitia kwa liwali. Bergen ilikuwa na bwana wake, Trondheim vilevile, na liwali hakujua kilichokusanywa huko wala kilichopotelea njiani. Hannibal aliliona tundu hilo mapema.

Alipataje cheo kikubwa hivyo akiwa kijana?

Kwa akili, kwa ndoa, na kwa mfalme aliyempenda. Sitaki kuyapanga kwa uzito, maana moja bila jingine lisingetosha.

Ujana wake aliutumia kusafiri na kusoma Ulaya, jambo la kawaida kwa vijana wa koo kubwa. Aliporudi aliingia katika nyumba ya Mfalme Christian IV, akaanza kutumwa ujumbe nje. Ujumbe uliompa jina ni ule wa Uhispania, uliozaa mkataba wa biashara mwaka 1641. Tayari 1640 alikuwa ameshaingia katika Baraza la Ufalme la Denmark, chombo ambacho mfalme hakuweza kwenda vitani wala kutoza kodi mpya bila ridhaa yake.

Ndoa ndiyo iliyomfungulia mlango wa ndani. Christian IV alikuwa na mke wa pili, Kirsten Munk, mwanamke wa ukoo wa kikabaila asiye wa damu ya kifalme. Watoto wao hawakuweza kurithi kiti. Mabinti walikuwa wengi, na mfalme aliwaoza kwa makabaila aliotaka kuwafunga upande wake. Hannibal alimposa Christiane mwaka 1636. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi, yeye 27. Harusi ilifanyika 1642, mwaka uleule alipofanywa liwali wa Norwei. Anayesema ni bahati tu tarehe hizo kukutana hajui majumba ya wafalme yalivyofanya kazi.

Kwa nini Wanorwei huita vita vya 1643 hadi 1645 kwa jina lake?

Kwa Waswidi na Wadenmark vita hivyo vina jina la jenerali wa Uswidi, Lennart Torstensson, aliyevamia kutoka kusini Desemba 1643 na kuiteka rasi ya Jutland bila hata kutangaza vita. Kwa Wanorwei ni Vita vya Hannibal, kwa sababu upande wao wa mpaka yeye ndiye aliyeviongoza na, machoni pa wakulima, ndiye aliyevileta.

Jeshi la Norwei lilikuwa changa. Christian IV alilianzisha 1628, kwa utaratibu wa mashamba kadhaa kuunganishwa ili yatoe askari mmoja na kumgharimia. Hannibal alilikuta likiwa zaidi kwenye daftari kuliko uwanjani. Alilipanga upya, akaleta maofisa waliokwisha kunusa baruti katika vita vya Ujerumani, akatafuta fedha za mishahara. Kisha akavuka mpaka mara kadhaa. Mwaka 1644 mfalme alipokwenda na meli kuizuia Gothenburg kutoka baharini, Hannibal alisogea na jeshi kutoka upande wa nchi kavu. Vikosi vyake vikauteketeza Vänersborg, mji ambao Waswidi walikuwa ndio kwanza wanaujenga. Kaskazini, Jämtland, iliyokuwa sehemu ya Norwei, ilichukuliwa na Waswidi, ikarudishwa na Wanorwei mwaka huohuo.

Wakulima hawakuvipenda. Watu wa mpakani walikuwa wakiuziana ng'ombe, siagi na chuma na majirani zao wa Uswidi. Wengine walikuwa wameoleana. Kuambiwa wakawachome moto kwa sababu ya ugomvi wa wafalme kuhusu ushuru wa mlango wa bahari ya Baltiki kuliwaingia vibaya, na askari wengi walitoroka kurudi mashambani.

Kuna kisa kidogo ninachokipenda katika vita hivi. Mwaka 1644 kasisi wa Älvdalen upande wa Uswidi, Daniel Buschovius, alikusanya watu wake, akavuka milima hadi Särna na Idre, parokia mbili za Norwei zilizokuwa mbali na kila kitu, akawasomea wenyeji ibada na kuwaambia kuanzia leo ni Waswidi. Hakuna vita iliyopiganwa. Mkataba wa amani haukuzitaja wazi parokia hizo, nazo hazikurudi. Mpaka wa sehemu ile ulikuja kuwekwa rasmi 1751, na hadi leo Särna na Idre ziko Uswidi.

Norwei ilishinda au ilishindwa?

Uwanjani haikushindwa. Mezani ilipoteza sana. Kwa amani ya Brömsebro ya Agosti 1645, Denmark ilikuwa imevunjika vibaya kusini na baharini, hivyo ikalipa kwa ardhi: Jämtland na Härjedalen za Norwei, Gotland, Halland kwa miaka 30, na Ösel, kisiwa alichozaliwa Hannibal mwenyewe. Jeshi lake lilikuwa limeirudisha Jämtland kwa jasho. Wajumbe wakaitoa kwa wino.

Ni kweli ndiye aliyeanzisha posta ya Norwei?

Ndiyo. Alitoa pendekezo, na Christian IV akaliidhinisha Januari 17, 1647, tarehe ambayo posta ya Norwei huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Uendeshaji alikabidhiwa Henrik Morian. Njia kuu zilitoka Christiania kwenda Copenhagen, Bergen na Trondheim.

Barua zilibebwa na wakulima waliokaa kandokando ya njia. Kila mmoja alipokea mfuko kutoka kwa jirani na kuupeleka kwa anayefuata, mchana au usiku, theluji au mvua. Malipo yao yalikuwa msamaha wa kuitwa jeshini na wa baadhi ya kazi za lazima. Kwa serikali isiyo na fedha taslimu huu ulikuwa mpango wa busara mno, maana haukutoa senti, ulitoa afueni tu. Na kwa mkulima aliyekwisha kuona vita vya Hannibal, mwanawe kutochukuliwa askari kulizidi mshahara wowote.

Mtu asidhani liwali aliwaza barua za wapenzi. Alihitaji amri na hesabu zifike haraka. Wafanyabiashara wa mbao nao walifaidika.

Alitaka kuitenga Norwei na Denmark?

Kujitenga kisiasa, hapana. Hakuna dalili kwamba aliwahi kuota taji au uhuru wa Norwei. Alichotaka ni mfuko. Hoja yake ilikuwa hivi: kodi za Norwei zilikuwa zimepanda mno wakati wa vita, na wakulima walivumilia kwa kuambiwa zinalinda nchi yao. Basi zikusanywe Norwei, zilipe jeshi la Norwei na madeni ya Norwei, na ziada ndiyo ivuke bahari. Kwa kipindi alifanikiwa. Aliwaita wawakilishi wa matabaka, yaani makabaila, makasisi, watu wa mijini na wakulima, kuzungumzia kodi. Akaunda ofisi ya fedha chini yake. Akawalazimisha mabwana wa majimbo kuleta hesabu Akershus.

Fikiria hasira ya hao mabwana. Kwa vizazi walikuwa wakikusanya, wakikata chao kimyakimya, na kupeleka kilichobaki Copenhagen ambako hakuna aliyejua bei ya magogo wala idadi ya mashamba. Sasa karani wa liwali alikuwa anauliza risiti. Huko Denmark kwenyewe, jeshi la majini lilitegemea fedha za Norwei, na pengo likaonekana mara moja.

Hapa ndipo maoni ya wengi hugawanyika. Wako wanaomwona kuwa mtu wa kwanza, baada ya miaka mia moja ya usingizi, kuichukulia Norwei kama nchi yenye masilahi yake. Wengine husema alijenga himaya binafsi na kuivika bendera ya Norwei. Mimi naona kwamba yote mawili yalikwenda pamoja na wala yeye hakuona mgongano. Kadiri hazina ya Akershus ilivyonenepa ndivyo na yeye, na mashine aliyoiunda kukusanya kwa ajili ya mfalme ilifanya kazi vizuri kweli.

Basi alikuwa mwizi?

Swali hili huja kila mara, na jibu linategemea kanuni za wakati gani zinatumika.

Serikali za karne ya 17 ziliendeshwa kwa mkopo wa watumishi wake. Liwali alimkopesha mfalme fedha zake binafsi. Mfalme asiye na fedha alilipa kwa ardhi ya taji au kwa haki za biashara. Hiyo ilikuwa halali. Hannibal aliitumia njia hiyo kuliko yeyote. Katika miaka tisa alipata mashamba tele, meli, viwanda vya kupasulia mbao na hisa katika migodi. Ila yeye ndiye aliyekadiria thamani ya ardhi, yeye aliyeidhinisha deni, na yeye aliyepokea malipo. Muuzaji, mnunuzi na shahidi walikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1650 hesabu za Norwei zilianza kuchunguzwa, na yaliyoonekana hayakuwa mazuri. Mwaka 1651 hakusubiri hukumu. Alijiuzulu uliwali na ujumbe wa Baraza, akamkabidhi mfalme mali yake ya Norwei, na kwa kufanya hivyo akaepuka kushtakiwa. Kujua lini pa kuachia kulimwokoa. Mwenzake ambaye hakujua tutamwona sasa hivi.

Corfitz Ulfeldt anaingiaje katika habari hii?

Alikuwa mwanyumba wake: Ulfeldt alimwoa Leonora Christina, dada wa Christiane. Alishika cheo cha juu kuliko vyote Denmark, msimamizi mkuu wa ufalme, na fedha na meli zilikuwa mkononi mwake. Mmoja alitawala Copenhagen, mwingine Akershus, na kila tala, sarafu ya fedha ya wakati huo, iliyobaki Norwei ilikuwa tala aliyoikosa Ulfeldt. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa waliwekwa zizi moja na baba mkwe.

Christian IV alifariki Februari 1648. Mwanawe Frederik III hakupewa kiti mpaka alipotia saini masharti makali yaliyoliachia Baraza karibu kila uamuzi. Alisaini, akatawazwa, akaanza kuwahesabia siku shemeji zake wa kambo. Hannibal na Ulfeldt, badala ya kusimama pamoja, waliachiana, na mfalme akawamaliza mmoja baada ya mwingine mwaka uleule wa 1651. Hannibal alitoa mali akaenda zake. Ulfeldt alikimbilia Uswidi na mkewe, na vita vilipozuka tena aliingia upande wa adui waziwazi, hadi akaketi upande wa Waswidi Denmark iliponyang'anywa majimbo kwa amani ya Roskilde ya 1658.

Mwisho wake unajulikana. Alihukumiwa kwa uhaini, akafa mkimbizi 1664. Leonora Christina alikaa kifungoni katika ngome ya Copenhagen tangu 1663 hadi 1685 kwa makosa ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mumewe. Kumbukumbu alizoandika humo zilikuja kuchapishwa 1869, na bado zinasomwa.

Hannibal naye hakuwa msaliti?

Alifika ukingoni kabisa. Miaka ya uhamisho aliitumia kutangatanga kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya akitafuta wa kumfaa. Mwishoni mwa 1655 alikutana na Charles II wa Uingereza, mfalme asiye na nchi wakati huo, akakaa naye kwa muda. Majira ya joto ya 1657 alirudi Denmark akitumaini msamaha. Frederik III alikataa hata kumwona, akaondoka haraka.

Vita vya 1658 vilipopamba moto alikuwa kambini kwa Karl X Gustav wa Uswidi, mtu aliyetaka kuifuta Denmark kwenye ramani. Wapo wasiomsamehe kwa hilo, na siwalaumu. Tofauti yake na Ulfeldt ni kwamba hakusaini mkataba wa kuikata nchi yake wala hakupewa ardhi iliyokatwa. Alikaa, akasikiliza, akangoja. Upepo ulipogeuka, Copenhagen ilipogoma kutekwa, na Trondheim ilipokombolewa Desemba 1658 na jeshi la Jørgen Bjelke, mtoto wa yule chansela, Hannibal alianza kupima namna ya kuwa na faida kwa upande wa pili.

Alirudije?

Karl X Gustav alikufa ghafla Februari 1660 mjini Gothenburg. Uswidi ikabaki na mfalme mtoto na hamu ya kumaliza. Aprili Hannibal aliruhusiwa kuingia Copenhagen, na mfalme aliyekuwa amemfukuza akampa mamlaka ya kuzungumza na Waswidi. Aliwajua mmoja mmoja, alijua wanachoweza kukubali na wanachojifanya hawakubali. Amani ya Copenhagen ya 1660 ilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi yake. Majimbo ya Skåne, Blekinge, Halland na Båhuslen yalikwenda kwa Waswidi kabisa, lakini Trondheim na Bornholm zilirudi. Bila Trondheim, Norwei ingekuwa imekatwa vipande viwili.

Alihusika na mfalme kuchukua mamlaka yote mwaka 1660?

Ndiyo, na kwa hiari. Vuli ile matabaka yaliitwa Copenhagen kujadili nchi iliyofilisika. Watu wa mijini na makasisi, waliochoka na makabaila kutolipa kodi, waliungana na mfalme, na Oktoba ufalme ukafanywa wa kurithiana. Masharti ya 1648 yakarudishwa kwa mfalme yakiwa hayana kazi tena. Wanorwei waliapa mwaka uliofuata, Agosti 1661, mjini Christiania, bila kuulizwa sana.

Hannibal akafanywa mweka hazina mkuu. Deni lilikuwa kubwa mno, na dawa kuu ikawa kuuza ardhi ya taji. Yule aliyeilimbikiza ardhi ya taji alipokuwa liwali sasa ndiye aliyewagawia wadai wengine ardhi hiyohiyo. Alisafiri tena Ufaransa, akasaini mikataba ya urafiki na biashara na Louis XIV mwaka 1663. Msimamo wake wa nje ulikuwa wazi: kuacha ndoto ya kisasi dhidi ya Uswidi, kushikamana na Ufaransa. Warithi wa Frederik III hawakumsikiliza kuhusu la kwanza, na vita vya miaka ya 1670 havikurudisha hata inchi moja.

Mke wake, Christiane, alipatwa na nini?

Alizaliwa 1626 pamoja na pacha wake, Hedevig. Alipoteza ukubwa mwaka 1651 pamoja na mumewe na akaupata tena pamoja naye. Alifariki 1670, huru, wakati dada yake Leonora Christina akiwa bado nyuma ya kuta.

Hannibal alikufaje?

Ghafla, mjini Paris, Septemba 23, 1666, akiwa safarini kwa kazi ya mfalme. Aliacha wosia wa kisiasa, maandishi ya ushauri kuhusu namna ya kuendesha dola, ambayo wanahistoria huyatumia kuonyesha kwamba nyuma ya tamaa yake palikuwa na kichwa cha kiongozi.

Mageuzi yake yalibaki baada ya 1651?

Hazina ya peke yake ya Norwei ilivunjwa upesi. Aliyemfuata, Gregers Krabbe, alikuwa mtu mtulivu aliyewekwa makusudi asiwe Hannibal mwingine, na mabwana wa majimbo wakarudi kupeleka hesabu Copenhagen kama zamani. Posta iliendelea. Jeshi lilipunguzwa kwa sababu ya gharama, ila daftari, utaratibu wa mashamba kutoa askari, na maofisa wenyeji waliozoea vita vilikuwapo, na Jørgen Bjelke alipohitaji watu wa kuikomboa Trondheim hakuanzia sifuri.

Kuhusu majimbo yenyewe, mfumo wa mabwana ulifutwa 1662, Hannibal akiwa mweka hazina. Badala yao wakawekwa watumishi wanaolipwa mshahara, na kodi ikakusanywa na maofisa wa fedha waliotoa hesabu moja kwa moja kwa serikali. Ni lilelile alilolijaribu Akershus miaka ya 1640, isipokuwa safari hii risiti zilikwenda Copenhagen.